Uzi wa bibi zetu wa kanisani: alipika nini, alipikaje, na nani alikula?

Mjukuu wa Machame (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Wiki hii tumemzika bibi mzaa baba huko Machame, na kabla sijarudi mjini naomba nifungue uzi.

Watu walijaa mpaka wengine wakafuatilia ibada wakiwa wamekaa chini ya migomba. Wasifu wa marehemu ukasomwa kama unavyosomwa siku zote: alizaliwa, akabatizwa, akapata Kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, akaanza kuugua, akalazwa, Bwana akamtwaa, ameacha wajukuu na vitukuu. Yote kweli tupu. Ila jikoni kwake hakukutajwa hata kwa sentensi moja, na mimi nikiwaangalia wale watu sikuona ambaye hajawahi kula kwa bibi. Mchungaji amekula. Wazee wa kanisa wamekula. Vijana waliochimba kaburi wamekunywa uji wake tangu wakiwa shule ya Jumapili. Mtu amelisha usharika tangu ujana wake hadi uzee, halafu anaagwa kwa orodha ya tarehe na magonjwa! Imeniuma.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Kila mwenye bibi, mama, shangazi au mama mkubwa wa aina hii, aandike yale ambayo wasifu hausemi. Alipika nini, alipikaje, na kwa ajili ya nani. Tafadhali msiishie kwenye "alikuwa mcha Mungu na mkarimu". Leteni sufuria zenyewe.

Naanza na wangu.

Machame ndiko wamisionari wa Leipzig walikofika mwaka 1893, kwa hiyo bibi alizaliwa ndani ya Ulutheri. Alikuwa mama kijana makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 ikawa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lakini yeye alizoea kusema "usharika" tu, basi. Na Jumapili yake ilianza Ijumaa. Ijumaa jioni alizunguka kihambani na panga, anainua kichwa, anagusa mkungu huu, anaupita, anarudi. Mkungu mzuri kuliko yote ulikuwa wa sadaka. Uliofuata ndio wa nyumbani. Baba anasema walipokuwa watoto walinung'unika, bibi akawauliza kama wangependa wao kupewa ndizi ambayo mwenye shamba ameikataa.

Kwa wasiojua: huku kwetu, baada ya ibada kuna mnada. Asiye na fedha hutoa alichonacho, ndizi, mayai, kahawa, maziwa, hata kuku mzima, na vitu vinanadiwa pale nje ya kanisa, fedha inaingia sadakani. Kulikuwa na mama mjane aliyekuwa akileta mayai machache yamefungwa kwenye kitambaa. Bibi alikuwa akiyapandia dau mpaka watu wanaguna, anayanunua, halafu njiani kurudi anapita kwa yule mama na kumwachia mayai yaleyale, "nimebeba vingi, nisaidie". Nimeliona hilo kwa macho yangu, Jumapili baada ya Jumapili. Yule mama naye Jumapili inayofuata aliyaleta tena. Hakuna aliyesema lolote.

Sasa chakula. Kiburu chake ndicho kilichojulikana: ndizi na maharage, magadi, chumvi, hakuna tone la mafuta. Maharage yalichemka kwanza mpaka yaanze kupasuka, ndizi zilizomenywa zikapangwa juu yake, majani ya mgomba yakafunika, moto ukapunguzwa. Hakugusa mwiko hadi mwisho. Mtoto akifunua kuchungulia alifukuzwa jikoni. Kikiiva alikisonga mara moja, kwa nguvu, kikatoka kizito chenye rangi ya udongo. Hicho ndicho kilichobebwa kwenda kanisani siku za semina na siku za kulima shamba la usharika.

Lakini kilichonifanya nianzishe uzi huu ni mtori. Kila mwanamke aliyejifungua katika mtaa wetu alipelekewa mtori na bibi: ndizi mshare, nyama ya mifupa, vimechemka pamoja mpaka vilainike, nyama ikatolewa, ndizi zikapondwa na kupekechwa hadi ziwe laini, nyama ikarudishwa. Akautia kwenye kindoo chenye mfuniko, akakifunga kwa khanga, akatembea. Miaka ile binti akizaa nje ya ndoa alitengwa, hafiki Meza ya Bwana mpaka siku atakaporudishwa kundini mbele ya watu wote. Hao bibi aliwaendea siku ya kwanza. Wengine aliwapelekea mpaka miezi mitatu iishe. Hakuwahi kubishana na wazee wa kanisa kuhusu utaratibu, wala sikumsikia akiusema vibaya. Alipeleka mtori tu. Na siku ya kurudi kundini, yule binti akiwa amesimama mbele peke yake, bibi alikuwa benchi la kwanza amembeba mtoto.

Mazishini mwanamke mmoja mtu mzima alilia kuliko hata shangazi zangu. Nilipouliza ni nani, nikaambiwa ni mmoja wa mabinti wale.

Swali la mwisho kwa wanaojua: magadi ya kiburu mnapimaje? Bibi alitumia jicho. Shangazi wawili wanabishana tangu msibani.

Binti Kashozi

Pole sana ndugu yangu, Bwana awafariji.

Wa kwangu alikuwa Mkatoliki wa Kashozi, ile misheni kongwe ya mwaka 1892 huko Bukoba. Katika masimulizi yake kulikuwa na siku mbili kubwa. Ya kwanza ni mwaka 1960, Laurean Rugambwa alipofanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu, na Wahaya wote wakahisi wamepandishwa cheo. Bibi alikuwa msichana, amekaa na mama yake akimenya ndizi za wageni. Ya pili ni Oktoba 2012, mwili wa kardinali ulipohamishwa kutoka kwetu Kashozi kwenda Kanisa Kuu la Bukoba. Safari hiyo alikuwa kikongwe, hawezi kusimama muda mrefu, amewekewa mkeka, na bado alikuwa anamenya ndizi za wageni. Kati ya siku hizo mbili ndimo yalimo maisha yake yote.

Umesema tulete sufuria. Ndizi zake zilikuwa hivi: majani ya mgomba yanatandikwa chini, ndizi juu, maharage yaliyokwisha kuchemka, nyanya chungu, kisha majani mengine yanafunika na kukandamizwa pembeni kwa vidole kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Saa hakuwa nayo. Alisali rozari. Akimaliza matendo matano, anainua jani moja, anachoma ndizi kwa kijiti, na karibu kila mara zilikuwa tayari. Sisi wajukuu tukiona anasali haraka tulijua na yeye ana njaa.

Utomvu wa ndizi unaacha vidole vyeusi, na ukikaa hautoki kwa sabuni. Jumamosi usiku bibi alikaa karibu na koroboi, anasugua vidole kwa limao na majivu, kimoja kimoja, mpaka pembezoni mwa kucha. Hakutaka kupokea Mwili wa Kristo kwa mikono yenye utomvu. Wakati mwingine ngozi ilichubuka na limao likamuuma, alikunja uso akaendelea.

Msimu wa senene, Novemba, ndipo nyumba yake ilipojaa watoto wa jirani. Tunanyonyoa mabawa na miguu, yeye anakaanga kwenye mafuta yao wenyewe, anakausha, anagawa mafungu. Fungu moja lilikuwa la katekista, aliyezunguka vigango kwa baiskeli mvua ikinyesha. Katekista alipolipata alikuwa hali pale. Aliliweka mfukoni na kuwapelekea watoto wake. Bibi alipogundua, akaanza kumfungia mafungu mawili, la watoto, na lingine ambalo alilazimika kulila mbele yake kabla ya kupanda baiskeli.

Kijana wa Tabata

Nipite kwa ufupi. Mama yangu ni WAWATA hasa, yaani umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, na WAWATA ilianza mwaka 1972, mwaka ambao yeye alipata Komunyo ya Kwanza, kwa hiyo huwa anasema wamekua pamoja. Jubilei ya miaka 50 mwaka 2022 alikuwepo Uwanja wa Mkapa amevaa kitenge chao, na usiku uliotangulia hakulala. Alipika maandazi ndoo mbili kwa ajili ya akina mama waliokuja na mabasi kutoka mikoani. Nilimwambia, mama, uwanjani kuna wauza vyakula. Akanijibu: "Mtu ametoka Sumbawanga kuja kusali, utamwacha anunue andazi?"

Yuko hai, Mungu ni mwema. Uzi huu umenifanya nianze kumrekodi anapokanda.

Sauti ya Nyuma ya Kanisa

Nasoma kwa machozi, na ninawaheshimu hawa mama wote. Ila naomba na upande huu uandikwe, maana na wenyewe wasifu hausemi.

Mama yangu alikuwa kiongozi wa kamati ya chakula. Kanisa silitaji, wala si kanisa moja tu. Kila semina, kila mkutano wa Injili, kila mgeni kutoka makao makuu, yeye na wenzake walikuwa nyuma ya jengo kwenye mafiga, na mahubiri waliyasikia kwa spika. Neno likifika patamu, mtu anakuja kuuliza wali umefikia wapi. Kuna mwaka mhubiri maarufu alikuja na mama alikuwa amemngoja kwa hamu mwezi mzima. Siku zote za mkutano hakumwona uso. Alimwona siku ya mwisho tu, alipompelekea maji ya kunawa.

Na moshi. Macho yake yalikuwa mekundu daima, kifua kikambana uzeeni, na daktari alipouliza kama anavuta sigara tulibaki tunatazamana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wengi wa wanaokaa karibu na moto huo ni akina mama na watoto. Serikali ya Tanzania imeweka mkakati wa asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Naomba kila anayesoma hapa atazame nyuma ya kanisa lake. Jengo lina vigae na kinanda cha umeme. Jikoni kuna nini?

Nilimpenda mama yangu. Alipika kwa furaha, sitamsingizia kwamba alilalamika. Lakini furaha yake haituondolei sisi deni.

Mjukuu wa Machame

Sauti ya Nyuma, asante kwa kuandika. Hili lilikuwa linahitaji kusemwa na umelisema vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Bibi naye alikohoa miaka yake ya mwisho, na kuta za jikoni lake unaweza kuandika jina kwa kidole kwenye masizi.

Kwetu kuna kitu kimoja kimebadilika, na nitakitaja ili wengine wakichukue: siku za semina mitaa inapokezana kupika, na mtaa unaopika wiki hii haurudii mpaka mingine yote ipite. Kuosha vyombo ni kazi ya wanaume na vijana wa Kipaimara. Jiko la gesi bado. Watoto na wajukuu wa marehemu tumekubaliana fedha ya rambirambi iliyobaki iende huko, liwekwe jikoni kwa usharika, lisiandikwe jina la mtu.

Mwana wa Muheza

Nami nimlete wangu. Kwetu ni Magila, Msalabani, Anglikana ya wale wamisionari wa UMCA, kanisa la ubani na chetezo, na bibi alikuwa Umoja wa Akina Mama tangu alipoolewa. Sikukuu yetu kubwa ni Siku ya Msalaba, tarehe 14 Septemba. Na ukitaka kumjua bibi, uanze siku moja kabla, ng'ombe au mbuzi anapochinjwa.

Bibi hakuruhusu Mkristo achinje. Alimtuma mtoto kwa mzee fulani wa msikitini, jirani yetu, aje na kisu chake. Mzee anakuja, anasoma bismillahi, anachinja, anapewa kiti na chai. Sababu ilikuwa wazi: nusu ya mtaa ni Waislamu, na bibi hakuona maana ya sikukuu ambayo jirani anaisikia harufu tu. Sufuria za nyumbani kwake hazikuwahi kugusa kitimoto. Mjomba mmoja aliyepata kazi mjini aliwahi kuja nacho, akaambiwa akakile hukohuko kwenye basi alilojia.

Chakula chenyewe: bada (ugali) la muhogo, kisamvu cha nazi, pilau siku kubwa. Kisamvu alikitwanga mwenyewe kwenye kinu hata alipokuwa na wakwe watatu wa kumsaidia. Kilichemka muda mrefu sana na tui la pili, lile jepesi, mpaka majani yawe kama uji mzito, ndipo tui zito likaingia mwisho na moto ukatolewa kabla halijakatika. Alionja kwa kiganja cha mkono, hakuonja kwa kijiko.

Mwezi wa Ramadhani hakukaanga kitu mchana. Alisema mtu amefunga hapo uani kwake, utampulizia vitunguu? Jioni alituma bakuli la muhogo wa nazi liende kwenye futari, na bakuli halikurudi tupu. Kwaresima yetu ikifika, jirani naye alijua: Ijumaa haleti nyama, analeta samaki.

Alipofariki tulidhani Umoja wa Akina Mama ndio watakaosimamia jikoni, maana ni mwenzao. Akina mama wa msikitini walifika alfajiri na sufuria zao, wakawaambia: leo ninyi ni wafiwa, kaeni chini mlie. Wakapika wao, siku zote za matanga. Kwa mara ya kwanza nilimwona mwenyekiti wa Umoja amekaa mkekani kwenye msiba, hajashika mwiko.

Mwana wa Kiambu

Poleni ndugu zetu wa Tanzania, na mimi niingie kutoka upande huu wa mpaka. Shosho, yaani bibi yangu, alikuwa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, wa Woman's Guild, chama cha akina mama, karibu na Thogoto ambako misheni ya Waskoti imekuwa tangu 1898. Kitambaa cha Guild hakikukunjwa ovyo ndani ya nyumba ile. Kilipigwa pasi ya makaa Jumamosi na kutundikwa mahali ambapo moshi haufiki.

Mwaka mzima tulikula githeri na mukimo. Chapati ilikuwa ya Krismasi. Vijana wa siku hizi wanaopata chapati kila kona hawawezi kuelewa tulivyoingoja. Tarehe 24 jioni shosho alikanda unga kwenye karai, akaufunika, akaenda kesha kanisani, akarudi usiku wa manane na kuanza kusukuma kwa chupa ya soda iliyooshwa. Hakuwa na kifimbo, na hata alipoletewa kutoka Nairobi aliendelea na chupa yake. Tulilala tukisikia inavyobiringika juu ya meza. Asubuhi kulikuwa na mnara wa chapati umefunikwa kwa taulo jipya, na hakuna aliyegusa hadi tutoke ibadani.

Chapati zilikatwa robo, na robo ya kwanza haikuwa ya babu. Ilikuwa ya mlinzi wa kanisa, mzee aliyetoka mbali na ambaye hakuwa na jamaa hapo. Alikaa mezani kwetu kila Krismasi ninayoikumbuka. Shosho alipozeeka akashindwa kusukuma, yule mzee ndiye aliyemkumbusha mama yangu unga unapaswa kulala muda gani.

Na mama aliyejifungua hapo kijijini alipata njahi, zile fiwi nyeusi, kutoka kwake. Naona huko kwenu ni mtori. Kazi ni ileile.

Mama Kibosho

Mwanzisha mada, nijibu la magadi kabla shangazi zako hawajagombana zaidi. Sisi ni Wakatoliki wa mlima uleule, kiburu hakijui dhehebu.

Usitupe magadi makavu kwenye chungu, ndipo watu wanapoharibu. Chukua kipande, kiloweke kwenye kikombe cha maji ya moto, kikoroge, kiache kitulie. Mchanga utakaa chini. Yale maji ya juu yaliyotakata ndiyo unayomimina, taratibu, na ukifika kwenye mashapo unaacha. Kwa sufuria ya watu sita hivi anza na vijiko vinne vya chakula vya maji hayo. Mimina maharage yanapokaribia kuiva, uchemshe kidogo, uonje mchuzi wake. Ukihisi sabuni ulimini, yamezidi, ongeza maji ya moto na ndizi. Kama maharage yana ngozi ngumu bado, ongeza kijiko kimoja. Shangazi anayesema "machache" yuko sahihi kwa maharage mapya, na anayesema "mengi" huenda alijifunza kwa maharage ya mwaka jana, kwa sababu yaliyokaa stoo yanahitaji zaidi.

Na bibi yako alikuwa sahihi kabisa kuhusu mwiko. Ukikoroga mapema, ndizi zinakatika na maharage yanashika chini.

Mungu amlaze pema. Mtori wa miezi mitatu! Kwetu wengi waliishia siku ya saba.

Mngoni wa Peramiho

Wa kwangu yu hai, kwa hiyo nimefanya kitu kingine: nimempigia simu sasa hivi na kumwambia kuna watu wanaandika habari za bibi zao, na yeye aseme. Kwanza amekataa. Akasema mambo ya jikoni si ya kuandikwa. Nikamsomea ile ya mayai ya mjane na ile ya akina mama wa msikitini. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, andika togwa."

Ni togwa ya Pasaka, ambayo amewapikia wanakwaya tangu nikiwa sijazaliwa, maana wanaimba Mkesha mpaka usiku mkubwa na koo zinakauka. Naandika kama alivyosema. Ulezi unaloweka, unautoa, unaufunika mahali penye joto mpaka uote, unaanika, unasaga. Hicho ndicho kimea. Kitayarishwe wiki ya kabla ya Jumapili ya Matawi, usingoje Juma Kuu lenyewe kwa sababu Ijumaa Kuu hasagi kitu. Jumamosi asubuhi unapika uji wa mahindi, mzito. Unauacha upoe hadi uweze kuingiza kidole na kuhesabu kumi bila kukitoa. Ukiwa moto zaidi ya hapo kimea kinakufa na uji haugeuki. Ukiwa baridi, utangoja bure. Unatia kimea, unakoroga, utauona unalegea wenyewe mbele ya macho yako na kuwa mtamu bila sukari. Unafunika. Jioni iko tayari kwa watoto. Usiku wa manane imeanza kuchachuka kidogo, hapo ndipo wanakwaya wanapoipenda.

Nikamuuliza ni ndoo ngapi. Akasema inategemea kwaya ina besi wangapi, kwa sababu besi wanakunywa kuliko wengine.

Nikamuuliza kama kuna mtu amemfundisha. Amemtaja mama mmoja ambaye sijawahi kumsikia, aliyekuwa mpishi wa watoto wa bweni zamani, akasema huyo ndiye ninayepaswa kumwandika, si yeye. Ameahidi kunisimulia. Leo amesema yatosha, jumuiya inasali nyumbani kwake saa kumi na bado hajawasha moto.